Maji Kando ya Reli: Habari za Wapimaji, Mabomba na Haki ya Kupita katika Nchi ya Nyika

Wakati wa yubile watu hupenda kuhesabu majengo: kanisa hili lilijengwa mwaka fulani, shule ile ilianza na watoto kadha wa kadha. Ni vema kuyahesabu. Lakini hapana kanisa wala shule iwezayo kudumu mahali pasipo maji. Tukitaka kujua kwa nini miji mingi kati ya Mombasa na Nairobi imesimama pale iliposimama, hatuna budi kuuliza maji yalikuwa wapi, nani aliyepima njia yake, na yalipita katika ardhi ya nani. Habari hiyo ndiyo tutakayoieleza hapa kwa ufupi, maana ndani yake limo neno linalotuhusu sisi sote, wazee na watoto, walimu na wanafunzi.

1. Nyika na ngurunga

Hapo zamani, mtu atokaye Mombasa kwenda bara alipanda kwanza vilima vya Rabai, na akiisha kuiacha minazi nyuma yake aliingia katika nyika. Nchi hiyo ni kavu, miti yake ni ya miiba, na mvua zake ni haba. Tangu hapo hata mto Tsavo msafiri wa njia ile hakukuta mto usiokauka. Watu waliishi kwa kujua mahali pa maji. Walijua ngurunga, yaani mashimo ya mwamba yawekayo maji ya mvua, kama yale ya Taru. Walijua ni mto upi ambao mchanga wake hufukuliwa wakati wa kiangazi ukatoa maji. Walijua pia maji yasiyofaa kunywa, wakapaita mahali pake kwa jina la wazi, Maji ya Chumvi, na jina hilo likawa jina la kituo cha reli.

Johannes Rebmann alipoingia nchi hizi mwaka wa 1848 hakuwa na ramani ya kumwongoza. Kiongozi wake alikuwa Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za misafara. Na tarehe 11 Mei mwaka huo Rebmann akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Twaweza kusema kwamba kiongozi wa msafara ndiye aliyekuwa mpimaji wa siku zile. Hakuwa na mnyororo wala darubini, lakini alijua hesabu ya mwendo kutoka maji hata maji, na akikosea hesabu hiyo watu hufa.

2. Wapimaji wa reli

Mwishoni mwa mwaka wa 1891 Kapteni J. R. L. Macdonald na maofisa wenziwe walianza kuipima njia ya reli toka Mombasa mpaka Ziwa Viktoria, na kazi hiyo ikaendelea hata 1892. Mpimaji wa reli hutafuta mambo mawili yasiyopatana sikuzote: njia isiyo na mwinuko mkali, na mahali pa maji pasipoachana mno. Kwa maana gari la moshi lilikuwa kama mnyama mwenye kiu. Hata katika miaka ya 1955 na 1956, zilipokuja zile injini kubwa za Garratt zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, kila moja ilichukua zaidi ya galoni 8,000 za maji, nayo ilihitaji kujazwa tena njiani.

Reli yenyewe ilianza kutandikwa Mombasa mwaka wa 1896, chini ya mhandisi mkuu, Bw. George Whitehouse. Ilipoingia katika nyika ya Taru taabu ikazidi. Maji ya nchi hayakuwatosha maelfu ya vibarua, basi ikalazimu kuwaletea maji kwa treni mpaka ncha ya reli. Treni ya maji ilipochelewa, watu waliketi juani na midomo mikavu wakingoja kusikia mlio wake. Vibarua 32,000 hivi waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hii, na kama 2,500 miongoni mwao walikufa kabla ya reli kufika ziwani mwezi wa Desemba 1901. Tukisoma hesabu hizo, yatupasa kukumbuka kwamba kila mmoja wao alikuwa mtoto wa mtu.

Mwezi wa Mei 1899 reli ilifika mahali tambarare, karibu na mto ambao Wamasai waliuita Enkare Nyirobi, yaani maji baridi. Hapo pakafanywa kambi kuu kabla ya kupanda milima, na kambi hiyo ikawa mji wa Nairobi. Maji ya kwanza ya bomba ya mji huo yaliletwa na reli toka chemchemi za Kikuyu. Vivyo hivyo katika vituo vingine: reli ilitafuta kijito au kisima, ikalaza bomba mpaka tangi la kituo. Basi mwanzoni bomba la maji lilikuwa mtumishi wa reli. Siku za baadaye mambo yaligeuka, bomba likawa mgeni abishaye hodi katika ardhi ya reli.

3. Ardhi ya reli

Lakini reli yenyewe iliipataje ardhi hiyo? Mwaka wa 1897 Serikali ya Kiingereza iliingiza katika nchi ya bara sheria ya Kihindi ya mwaka wa 1894 ya kutwaa ardhi, na kwa sheria hiyo ukatwaliwa ukanda wa maili moja kila upande wa reli. Palipokuwa na malisho ukanda ulipita; palipokuwa na njia ya mifugo kwenda majini ukanda ulipita vilevile. Wenyeji wa nchi hawakuwa na sauti katika kutungwa kwa sheria hiyo. Tangu siku hiyo mtu aliweza kukaa karibu sana na reli, akayaona magari yakipita kila siku, na ardhi aliyokanyaga isiwe yake kwa hesabu ya karatasi.

Hapa yafaa tufahamu tofauti ya maneno mawili, maana watu wengi huyachanganya. Kumiliki ardhi ni jambo moja. Kuwa na haki ya kupita katika ardhi ni jambo la pili. Mfano wake ni huu. Jirani yako ana kisima, nawe ukitaka kufika kisimani lazima ukatize shamba la mtu mwingine. Mwenye shamba akikubali, hakukupa shamba, amekupa njia. Huwezi kupanda mahindi katika njia ile, wala kujenga kibanda, wala kumwuzia mtu. Naye mwenye shamba, akiisha kukupa, hawezi kuiziba kwa miiba siku akikasirika. Kila mmoja ana haki yake, na haki hizo mbili zimelala juu ya udongo mmoja. Katika sheria haki ya namna hiyo huandikwa, hupimwa kwa urefu na upana, ikachorwa katika ramani, ili wajukuu wasije wakagombana kwa sababu ya neno walilosema babu zao chini ya mti.

4. Bomba la Mzima

Mombasa ni kisiwa, na watu wake wakiongezeka kisima hakitoshi. Kwa muda mrefu mji ulipata maji toka chemchemi za Marere katika Milima ya Shimba, lakini bandari ilikua na kiu ikakua pamoja nayo. Basi katika miaka ya 1950 likalazwa bomba kutoka chemchemi za Mzima, zilizo ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi.

Maji ya Mzima yana safari ya ajabu. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu haifanyi mito juu yake. Huzama katika majivu na mawe ya volkano, ikasafiri gizani chini ya ardhi, halafu ikatokea Mzima ikiwa safi kama kioo, na kuendelea mpaka mto Tsavo. Wahandisi walichukua sehemu ya maji hayo chini ya miamba, kabla hayajatokea nje, ili mabwawa wanamokaa viboko yasiharibiwe. Kutoka hapo bomba lina urefu wa zaidi ya kilomita 200 hata kufika pwani. Maji huteremka kwa uzito wake mwenyewe, na bomba huweza kuchukua kiasi cha mita za ujazo 35,000 kwa siku.

Kwa sehemu kubwa bomba hilo limefuata ukanda wa reli na barabara kuu, kupitia Voi, Maungu, Mackinnon Road na Mariakani. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Reli ilikwisha kupata njia isiyo na mwinuko mkali. Vyombo vizito huletwa kwa urahisi mahali penye gari. Na mahali penye mwenye ardhi mmoja mkubwa mazungumzo ni machache kuliko mahali penye wenye mashamba elfu. Hivyo katika ukanda ule ule wamefuata wengine. Mwaka wa 1978 bomba la mafuta toka Mombasa mpaka Nairobi lilianza kazi, na mwaka wa 2017 reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa. Kila mmoja aliyekuja alitaka njia, na kila mmoja alihitaji mpimaji.

5. Kazi ya mpimaji

Walimu watapenda kuwaeleza watoto namna kazi hii ifanyikavyo, basi na tuieleze hatua kwa hatua.

Kwanza, mpimaji hasafiri. Huketi na kusoma. Hutafuta hati za ardhi na ramani za zamani za reli, ajue mpaka wa ukanda uko wapi, kwa kuwa upana wake si sawa kila mahali: penye kituo huwa mkubwa, penye njia tupu huwa mdogo. Halafu huenda nchini kuyatafuta mawe ya mpaka. Mara nyingine jiwe limefunikwa na udongo, au mtu ameling'oa akalifanya figa la jikoni. Mpaka usipopatikana, yote yafuatayo yamejengwa juu ya mchanga.

Pili, hutembea njia yote ya bomba, akipiga vigingi katika mstari wa kati na kupima mwinuko wa nchi kwa darubini yenye pimamaji. Kazi hii haina mzaha, kwa sababu maji hayajui maneno matamu, hufuata mteremko. Palipo kilele, hewa hukusanyika ndani ya bomba na kuzuia maji, kwa hiyo huwekwa tundu lenye kifuniko cha kutolea hewa. Palipo bonde, taka na mchanga hutulia, kwa hiyo huwekwa koki ya kusafishia.

Tatu, bomba likifika mahali pa kukatiza reli, mpimaji huchagua mahali kwa uangalifu mkubwa. Hupendelea kukatiza kwa pembe ya mraba, kwa kuwa ndiyo njia fupi kuliko zote chini ya reli. Huepuka madaraja, njia panda za reli na viwanja vya vituo. Bomba la maji huingizwa ndani ya bomba lingine pana na lenye nguvu, kama panga lilivyo ndani ya ala, nalo huzikwa chini kiasi cha kutosha ili uzito wa treni usiliponde. Tena huwekwa koki za kufungia maji kila upande, kwa maana bomba likipasuka chini ya tuta, maji hula udongo usiku kucha bila kelele, na asubuhi mataruma yananing'inia hewani. Bomba likienda sambamba na reli, husogezwa karibu na ukingo wa ukanda, ili reli ikitaka kuongeza njia ya pili isikute bomba katikati.

Nne, mpimaji huchora. Mahali pa bomba hufungwa kwa mawe ya mpaka na kwa hesabu ya maili za reli, hata mtu wa miaka mia ijayo aweze kupakuta pasipo kumwuliza mtu. Pamoja na ramani huandikwa masharti: upana wa njia, nani aruhusiwe kuingia, na kwa taarifa gani, nani atengeneze bomba likiharibika, nani alipe gharama ya kulihamisha, reli ikipanuka. Haya ndiyo maneno ambayo wakati wa amani huonekana ya bure, na wakati wa ugomvi huwa ndiyo mali yote.

6. Mtu hatoi asichokuwa nacho

Swali moja hubaki. Je, reli yaweza kumpa mwenye bomba ruhusa ya kupita? Jibu lake hutegemea reli yenyewe ina nini: ardhi, au njia tu? Mfano mzuri watoka mbali, katika nchi ya Marekani, ambako reli nyingi zilipita katika ardhi ya serikali kwa sheria ya mwaka wa 1875. Kampuni moja ya reli ilitaka kuchimba mafuta chini ya njia yake, na mwaka wa 1942 Mahakama Kuu ya nchi ile ikaamua kwamba sheria hiyo iliipa reli haki ya kupita tu, wala si mali iliyo chini ya udongo.

Baadaye swali hilo likafika kwenye maji. Katika jangwa la Mojave, California, nchi kavu kama nyika yetu ya Taru, kampuni moja ilitaka kulaza bomba la maji la maili 43 katika ukanda wa reli kwa ruhusa ya reli. Mwaka wa 2015 maofisa wa ardhi wa serikali wakasema: bomba hili si kazi ya reli, basi ruhusa ya reli haitoshi. Mwaka wa 2017 wakageuza neno lao. Mwaka wa 2019 hakimu akaona kwamba sababu zilizotolewa kwa kugeuza huko hazikutosha, akaliondoa neno jipya. Twaona basi kwamba hata mahali penye sheria nyingi na wapimaji wengi, watu hushindana miaka kwa miaka kwa sababu ya swali ambalo mtoto angeweza kuliuliza: kitu hiki unachonipa, ni chako?

7. Kiu ya wapitiwao

Sasa twafika kwenye neno lenyewe. Chemchemi za Mzima zimo katika nchi ya Taita Taveta. Mji wa Voi na makazi mengine ya kando hupata maji ya bomba hilo. Lakini ni malalamiko ya miaka mingi ya watu wa nchi ile kwamba maji mengi hupita mbele yao kwenda Mombasa, nao wamebaki na madebe na ndoo, wakitembea mbali kutafuta maji huku maji yakipita chini ya nyayo zao. Hatusemi neno hili ili kuwalaumu watu wa Mombasa, ambao kiu yao nayo ni ya kweli. Twalisema kwa sababu lafundisha.

Haki ya kupita ikipimwa baina ya mwenye bomba na mwenye ardhi peke yao, aketiye pembeni hahesabiwi. Hana hati, basi jina lake halimo katika ramani. Na mahali pasipowekwa koki katika ramani, koki haiko nchini. Kuiongeza baadaye ni kazi nzito: huomba ruhusa upya, huhesabu tena nguvu ya maji, na aliye mwisho wa bomba huogopa kupungukiwa. Wazee walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Wakati wa kusema ni wakati wa vigingi.

Sheria za leo zimefungua mlango ambao haukuwapo mwaka wa 1897. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 yasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na kwamba ardhi ya mtu haitwaliwi kwa ajili ya umma pasipo malipo ya haki. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 imeeleza namna njia ya umma iombwavyo, watu wapewe taarifa, na wenye neno wapate kulisema. Lakini mlango uliofunguliwa haumwingizi mtu aliyelala.

Basi, ndugu wasomaji, wapimaji wakija kijijini na vigingi vyao, msiwakimbie wala msiving'oe. Waendeeni kwa adabu, mwulize: kazi hii ni ya nani? Njia itakuwa na upana gani? Ni ya kudumu, au ni nafasi ya kazi tu itakayorudishwa? Koki ya watu wa hapa iko wapi katika ramani hii? Kuuliza si ujinga. Nanyi walimu, wachukueni watoto wakaone jiwe la mpaka, mfundishe kwamba halifai kuwa figa. Wafundisheni kusoma ramani kama mnavyowafundisha kusoma kitabu. Yule Bwana Kheri aliibeba ramani ya maji kichwani mwake. Siku hizi ramani imeandikwa katika karatasi na kutunzwa ofisini, na asiyeweza kuisoma hujikuta nyikani tena, ingawa bomba lapita mlangoni pake.

Miaka mingine ikipita, watu watahesabu tena majengo yao kama tunavyohesabu sisi. Na waweze kuhesabu na koki pia, kila kijiji na yake, na mtoto akiuliza nani aliyeiweka pale, aambiwe: wazee wetu, kwa kuwa siku ile ya kupima walikuwapo, nao wakauliza.